Betri Ile Ilikuwa Nzima

Sabra, mwanangu,

Assalaam alaykum. Ilinipasa nianze kwa kukuuliza hali yako, na ya mama yako, na ya nyumba nzima, lakini hali zenu nazijua. Jana alasiri nimekuona kwa macho yangu, na kesho asubuhi unasafiri. Uniwie radhi basi nikiingia kwenye neno lenyewe bila ya kuzunguka. Nikizunguka sitolisema. Najijua.

Ya kula na kulala, ya kufunga mlango, ya kuchagua watu wa kufuatana nao, hayo mama yako ameshakwambia na atakwambia tena mpaka umwambie basi. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia habari za kompyuta yako.

Jana ulipokuja dukani ulikuwa umeikumbatia kifuani. Ukasogeza redio za watu, ukaiweka juu ya meza yangu, ukasema, "Baba, naomba uipulize vumbi. Nnataka mkono wako upite kabla sijaondoka."

Nikakuuliza, "Ina nini?"

Ukacheka. "Haina kitu. Nataka baraka tu." Ukatoka, ukaenda zako Darajani kutafuta sweta, maana umeambiwa Dodoma asubuhi kuna baridi.

Sikuipuliza, Sabra. Tangu jana iko hapa mbele yangu. Leo baada ya sala ya alasiri nimefunga ubao mmoja wa mlango, nimeacha mmoja nipate mwanga, nikachukua daftari ninaloandikia majina ya wenye redio, nikaanza barua hii. Kila nikishika bisibisi, mkono unakataa. Mkono huu ulishapita ndani ya mashine hii mara moja, na haukupita kwa baraka.

Nianze mbali kidogo, kwa mama yako, kwa sababu wivu wangu haukuanzia kwako.

Ulikuwa na miaka kumi tulipoachana. Uliambiwa hatukupatana, nawe mtoto mwenye adabu hukuuliza zaidi. Mama yako wakati ule alikuwa akikaa mapokezi katika hoteli moja ndogo hapa Mji Mkongwe. Kazi yake kupokea wageni na kupokea simu. Mimi nilikuwa siwezi kuvumilia kwamba watu wengine wanaisikia sauti yake mchana kutwa, mimi nampata jioni kashachoka. Simu yake ikilia nyumbani, namtizama usoni. Akicheka nayo, tonge halinishuki.

Siku moja simu ile ikawa haishiki chaji, akanipa niitengeneze. Ilikuwa uchafu tu kwenye tundu la chaja. Ukichokoa kwa sindano, kazi imekwisha, na mimi nilichokoa siku ile ile. Kisha nikaitia kwenye droo. Nikamwambia kifaa hakipo hapa, nimeagiza Dar es Salaam. Wiki ya kwanza hakijafika. Wiki ya pili hakijafika. Wiki ya tatu mama yako akaingia dukani mwenyewe, akavuta droo, akaikuta simu yake, akaibonyeza, ikawaka na chaji imejaa.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mbarouk, simu yangu haikuwa na ugonjwa. Mgonjwa ni wewe."

Haukupita muda akarudi kwao Chukwani, akakuchukua na wewe, na talaka akaidai akaipata. Mtu angedhani nimeshasoma. Nilichokisoma mimi ni kutia kufuli kwenye droo.

Ukawa unakuja kwangu Ijumaa na Jumapili. Siku hizo nilizipenda mpaka nikaziogopa. Unakaa pale kwenye kigoda, unanishikia tochi wakati nafungua televisheni, unaniuliza hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini, na mimi najiona mtu mwenye elimu kuliko wote duniani. Kisha mama yako akaolewa na Mwalimu Khatib, na maneno yako yakabadilika. "Ami Khatib kasema mwezi hauna mwanga wake mwenyewe." "Ami Khatib kanifundisha njia fupi ya kugawa." Siku moja umekaa pale pale kwenye kigoda ukaniambia, "Ami, nipe maji," kisha ukajishika mdomo. Nikakupa maji. Nikacheka. Ulipoondoka nilifunga duka saa nane mchana, nikaenda kutembea Forodhani peke yangu kama mtu aliyefiwa.

Nilitaka sana yule bwana awe mbaya. Usicheke, nilipeleleza. Niliuliza watu wa Chukwani, nikauliza walimu wenzake. Aibu pekee niliyoletewa ni kwamba husinzia msikitini khutba ikiwa ndefu. Nikarudi nyumbani na hiyo.

Ulipofaulu Kidato cha Nne, yeye ndiye aliyekupa kompyuta hii. Ilikuwa ya mtumba, nzito, imechubuka pembe. Alifuta vyote vilivyokuwamo akakutilia Linux, ile programu ya bure, nyepesi, ya kuendeshea mashine za zamani, kwa sababu iliyokuwamo mwanzo ilikuwa ikiwaka kwa muda wa kupika chai. Ukaja nayo mbio kunionesha. "Tizama, Baba! Ishawaka!" Ukaniwekea saa, ukanifungulia, ukanifungia, ukanifungulia tena. Mimi nimetengeneza redio na televisheni miaka thelathini, nimetengeneza pasi, feni na saa za ukutani, lakini kisanduku kile kilikuwa chako na chake. Kukuuliza ingekuwa kumfanya yeye mwalimu wangu kupitia mdomo wako. Nikasema, "Nzuri," nikaendelea kuchomelea.

Ukafika Kidato cha Sita, na kompyuta ikaanza tabia. Ulisema inakaa saa moja na robo tu, kisha inazima. Mwalimu Khatib alikuwa Pemba, amekwenda kusahihisha mitihani wiki tatu. Kwa hiyo ukaileta kwangu. Sitoficha, nilifurahi. Nikasafisha meza yote. Nikakwambia uiache, urudi Ijumaa.

Sikiliza sasa nilichofanya, kwa sababu hili hujawahi kulisikia.

Nilitoa betri, nikaiendesha mashine kwa chaja peke yake, nikaingiza mita yangu kwenye waya. Mashine imekaa kimya, hakuna kinachoandikwa wala kinachotizamwa, lakini inakunywa umeme kama inayoonesha sinema. Feni haipumziki. Nikarudisha betri, nikabonyeza kile kialama cha betri pembeni mwa kioo, likafunguka dirisha la maelezo. Kiingereza changu ni cha kusomea michoro ya redio, lakini hesabu ni hesabu. Betri ile bado ilikuwa na sehemu tisa katika kumi za nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Betri ilikuwa nzima, Sabra. Shida ilikuwa kwenye programu. Kulikuwa na kitu mle ndani kinachohangaika bure, na betri ndiyo iliyokuwa ikiumia.

Nilichotakiwa kukwambia ni hiki: "Mwanangu, betri yako nzima. Tatizo liko kwenye programu, na programu mimi sizijui. Msubiri Ami Khatib arudi." Hayo tu. Niliyajaribu peke yangu hapa dukani, kwa sauti. Kila nikifika kwenye jina lake, naishia hapo.

Ijumaa ulipokuja nilikwambia, "Betri imekufa. Ndivyo vitu vya mtumba vilivyo, mtu anakupa kitu kimeshakwisha."

Uso wako ukashuka. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ukapanda.

Kisha nikakutilia betri nyengine. Nilikuwa nayo ya kuiga, ya mashine ya aina ile ile. Ganda lake jipya linang'aa, na ndani yake sikujua kuna nini, kwa sababu sikuipima. Mimi ninayepima hata waya wa kengele! Sikuipima kwa kuwa sikutaka kujua. Nilichotaka ni kwamba kila ukiifungua kompyuta ile, iwake kwa kitu nilichokupa mimi. Nilijiambia: nusu yake sasa yangu. Ukanibusu mkono, ukasema, "Ahsante Baba, ningefanya nini bila yako?" Betri yako nzima nikaitia kwenye droo, nikafunga kufuli.

Ile ya kuiga mwanzo ilikwenda vizuri, kwa hiyo nikalala usingizi wangu. Tabia yake mbaya ni kwamba ilikuwa inasema uwongo. Itakuonesha imejaa zaidi ya nusu, na papo hapo inakata.

Siku ya mahojiano yako ya ufadhili, yale ya kwenye intaneti, huna haja ya kuhadithiwa, lakini nataka ujue na mimi naikumbuka. Ulikaa chumbani Chukwani, umevaa baibui jipya, mlango umefungwa, mama yako amekaa nje kwenye baraza anawazuia watoto wa jirani wasipige kelele. Saa nne umeme ukakatika mtaa mzima. Hukushtuka, kwa sababu kompyuta ilikuonesha betri ina asilimia hamsini na nane. Wakakuuliza swali la tatu. Uko katikati ya jibu, kioo kikawa cheusi.

Mpaka mama yako akapata simu ya jirani yenye intaneti, mpaka ukapata kuingia tena, wale watu walikuwa wameshahamia kwa mwengine. Wakasema watakujulisha. Majina yakatoka, lako halimo.

Ulinipigia mimi. Ulikuwa unalia maneno hayatoki. "Baba, nilikuwa nalijua lile swali. Nilikuwa nalijua."

Na mimi, niliyejua ndani ya mashine yako kuna nini, nilijibu nini? Nilisema, "Ndizo hizo programu za bure za Khatib. Kitu cha bure mwisho wake ni huo."

Nikasikia ukivuta kamasi. Kisha ukasema, "Labda."

Lile neno "labda" nililipanda mimi. Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulikaa mwezi mzima humsemeshi Mwalimu Khatib ila salamu. Akikutilia chai, unaiacha ipoe. Mama yako alikuwa ananieleza huku anasikitika, na mimi nilikuwa nauma midomo kwa ndani nisionekane nimefurahi. Ndivyo nilivyokuwa. Mtoto wangu kapoteza nafasi yake ya kusoma, na mimi nahesabu kwamba yule bwana kapoteza chai.

Kuna hesabu moja nimeipiga mara nyingi mno, na nataka uipige na wewe. Mahojiano yalikuwa ya nusu saa. Betri yako ya mwanzo ilikuwa inakaa saa moja na robo. Hata na ule ulafi wa programu, ingekufikisha mwisho na ikabakisha.

Mwezi ule ulipokaribia kwisha, Mwalimu Khatib alikuja dukani. Ilikuwa asubuhi, na alikuja na mfuko wa plastiki. Akatoa salamu, nikaitikia. Akatoa betri mfukoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Fundi," akasema, "mimi betri sizijui kama unavyozijua wewe. Nieleze. Hii inasema hamsini na nane, kisha inazima. Na namba iliyo mgongoni siyo ile niliyoiandika siku niliponunua mashine."

Mwalimu wa hesabu. Nani mwengine anaandika namba ya betri?

Nikaanza kupanga bisibisi zangu.

"Ile ya mwanzo iko hapa?"

Nilitafuta uwongo, sikuupata. Nikatoa ufunguo, nikafungua droo, nikampa. Akaigeuza, akasoma namba kwa kidole. "Ndiyo hii." Akakaa kwenye kigoda chako, pale pale. "Sabra hanisemeshi. Anaamini mimi ndiye niliyemharibia."

"Basi mwambie!" nikasema. Nilisema kwa ukali kama yeye ndiye mkosa. "Mwambie baba yako ndiye aliyefanya. Utapumzika."

Akatikisa kichwa. "Nikimwambia mimi itakuwa fitina. Ukimwambia wewe itakuwa toba. Mimi sitomwambia, fundi, si leo wala siku nyengine. Nimekuja kuchukua betri tu."

Akaondoka. Sabra, laiti angenitukana! Laiti angenishika ukosi mbele ya majirani, ningepata pa kumchukia. Badala yake alinipa heshima niliyokuwa siistahiki, na nikamuonea kijicho hata kwa hiyo. Nilisema moyoni: basi hata kwa wema amenishinda.

Wiki ile ile ukaja hapa mbio, baibui limekuporomoka, unapiga kelele tangu uchochoroni. "Saa nne na nusu, Baba! Inakaa saa nne na nusu!" Mlikuwa mmeshapatana. Ukanieleza yote kwa pumzi moja. Kwamba Ami Khatib amekupatia betri nzuri. Wala hakusema uwongo, aliipata kwangu. Kwamba mlikaa wawili mkafungua lile dirisha linaloonesha kila programu na kazi yake, mkakikuta kipicha kidogo cha hali ya hewa kwenye ule mstari wa juu. Kila sekunde kinatafuta intaneti, kikikosa kinaanza upya, hakichoki. Mkakiondoa. Mkapunguza mwangaza wa kioo, uliokuwa unapanda mpaka mwisho kila mashine ikiwaka. Mkatia programu ya kuilaza mashine ikiwa haina kazi.

"Na unajua nani aliyekiona kile kipicha?" ukaniuliza. "Mimi! Ami alikuwa ananiuliza tu: hiki ni nini, na hiki kwa nini kiko juu? Mimi ndiye niliyekiona."

Ulisimama hapo unasubiri nikusifu. Nilikwambia, "Saa nne na nusu ndiyo nini? Redio ya betri inakaa wiki."

Nakumbuka ulivyojitanda baibui lako upya. Ulisema, "Ndiyo, Baba," ukaenda zako. Katika yote niliyokufanyia, usishangae nikikwambia hili dogo ndilo linalonijia mara nyingi zaidi. Lile la betri nililifanya ukiwa hupo. Hili nililifanya unanitizama.

Mwaka mzima baada ya hapo ulikaa kwenye chumba cha fotokopi, unatoa nakala za vyeti vya wenzako waliokuwa wanakwenda kusoma. Hukulalamika. Ukaomba tena, ukapata, na kesho unakwenda kusomea kompyuta. Watu wananipa mkono msikitini, wananiambia damu ya fundi haipotei. Nausukuma mkono wangu upokee.

Mwaka ule nilikuchukulia mimi. Nataka ulisome neno hili kwa mwandiko wangu ili usije ukaambiwa na mtu, wala usije ukadhani umeme ndio uliokufanyia.

Sina wasia mwingi wa kukupa, na nani atauchukua wasia wa mtu kama mimi? Lakini yako mambo mawili matatu niliyoyajua kwa kuumia. Ukipeleka kitu chako kwa fundi, kaa naye. Mwambie akuoneshe kipimo, hata akiwa ni baba yako. Hasa akiwa baba yako, au mume, au rafiki anayekupenda sana, kwa sababu fundi asiyekujua atakuibia kifaa tu, lakini anayekupenda anaweza kukuibia huku anaamini anakupa.

Na wewe una tabia zangu. Nimeziona. Ulipokuwa na miaka kumi na mbili, rafiki yako Mwanaisha aliposhika nafasi ya kwanza kwenye chuo cha Kurani, ulirudi ukasema mwalimu anampendelea. Nilikuunga mkono siku ile, na sikutakiwa. Huko unakokwenda utakutana na watoto wanaojua zaidi yako, walioanza kushika kompyuta tangu hawajajua kusoma. Itakuuma. Mimi dawa yake siijui, Sabra. Ninachojua ni kwamba siku ile dukani, kama ningemeza mate nikalitaja lile jina, maumivu yangekuwa ya dakika moja, na yangekuwa yangu peke yangu.

Sasa lililobaki ni la safari.

Unajua tulikubaliana mimi ndiye nikupeleke mpaka Dodoma. Hujui nilivyolipigania. Nilimwambia mama yako kwamba hii ni haki ya baba, hakuna mwengine atakayemkabidhi binti yangu mlangoni mwa chuo. Mama yako akakubali. Mwalimu Khatib akasema, "Ndivyo inavyotakiwa." Tikiti zikakatwa, yako na yangu.

Leo kabla ya adhuhuri nimempigia simu. Nikamwambia, "Mwalimu, kesho nenda wewe na Sabra."

"Kuna nini, fundi? Unaumwa?"

"Siumwi. Leo namuandikia."

Nikasikia watoto wa skuli nyuma yake. "Yote?"

"Yote."

"Basi nitajitayarisha," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini tikiti yako usiirudishe."

Nimefanya hivyo kwa sababu safari ni ndefu. Boti, kisha treni, siku nzima bega kwa bega. Kama ningekaa mimi pembeni yako, ungenisamehe njiani kwa kuwa huna pa kwenda, na kwa kuwa umelelewa vizuri. Sitaki msamaha wa namna ile. Nataka uwe na nafasi ya kunikasirikia, ulie, umuulize Mwalimu Khatib kama ni kweli, naye akwambie ni kweli. Umwombe radhi kwa ule mwezi, ukitaka. Mimi nitamwomba kwa upande wangu.

Usidhani barua hii imeniondolea wivu. Ninao hapa hapa wakati naandika. Nawaona mmekaa kwenye kiti kimoja dirishani, anakununulia maji, anakwambia mlima ule unaitwaje, unasinzia kichwa kinamwangukia begani. Kila kimoja katika hivyo nakitaka mimi. Lakini mara hii nimeuacha wivu ukae na mwenyewe. Sikuutuma uje kwako.

Baada ya magharibi nitakuja Chukwani kuileta mashine, pamoja na karatasi hizi. Nitampa mama yako mlangoni, sitoingia. Vumbi nitalipuliza kabla sijaja, na Mwalimu Khatib atakufungulia kifuniko uone mwenyewe kwamba ndani sikugusa kitu chengine.

Boti inaondoka saa moja. Begi langu nimelifunga hata hivyo, liko nyuma ya mlango. Ukishasoma, ukitaka mimi ndiye niende, nipigie, hata ikiwa alfajiri. Uniite tu, nitaitika naam na nitakuja. Usiponiita, nitafungua duka kama kawaida, na sitopiga simu kukuuliza kwa nini.

Mungu akufikishe salama, akupe elimu yenye manufaa, na akukutanishe na watu watakaofurahi ukifanikiwa.

Aliyekukosea, na bado ni baba yako,

Mbarouk